Kupiga picha mji wa Tanga: mgeni asimame wapi na asilenge nini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Morogoro, napiga picha kwa mapenzi tu ila nishaanza kuuza uza kidogo. Mwezi wa saba nakuja Tanga siku nne na rafiki yangu wa Mombasa, tunataka kuupiga mji ulivyokaa juu ya bahari, alfajiri na jioni. Mwaka jana nilipita hapo siku moja, nikasimama sehemu ya wazi kabisa, akaja mlinzi wa jengo la jirani akasema hairuhusiwi kupiga picha mji bila kibali na nifute zote. Nikafuta. Je hicho kibali kipo, kinatolewa wapi? Na wapi mgeni anaweza kusimama bila usumbufu? Halafu mwenzangu ana droni.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa zile picha. Hapo uliposema "nikafuta" paliniuma, mana alfajiri ya siku ile hairudi tena.

Kibali cha kupiga picha mji wa Tanga ukiwa umesimama barabarani, ufukweni au kwenye bustani ya watu wote, kwa matumizi yako mwenyewe, hakipo. Hakitolewi na ofisi yoyote kwa sababu hakuna sheria inayokidai, uwe wa Morogoro au wa Mombasa. Ila yule mlinzi naye hakuokota maneno hewani, kuna kitu alikisikia mahali akakichanganya, na hicho kitu lazima ukielewe kabla hujapanda basi, kwa sababu Tanga uzuri wa mji na bandari vimekaa pamoja, ukipiga kimoja kingine kinachungulia kwenye fremu.

Iko hivi. Tuna Sheria ya Maeneo Yanayolindwa ya 1969 na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Hizo mbili ndo mzizi wa kila "hapa hairuhusiwi picha" unayoisikia toka Mtwara mpaka Bukoba. Zinagusa sehemu maalumu, na kwa vitendo utakutana nazo kwenye kambi za jeshi, nyumba za Ikulu, magereza, vituo vya polisi, viwanja vya ndege, bandari, mitambo ya umeme na ya mafuta. Hazigusi bahari, hazigusi miembe wala minara ya misikiti wala mabati ya Ngamiani. Tatizo ni kwamba miaka imepita, watu wamelichukua katazo la jengo moja wakalitandaza mji mzima, na kijana anayewekwa getini anaambiwa neno moja tu, "usiruhusu kamera", basi anaona hata mtu aliyeko ng'ambo ya barabara yumo kwenye zamu yake.

Mlinzi wa kampuni binafsi ana haki ya kukuzuia usiingie kwenye eneo analolinda, ana haki ya kukuambia utoke kama umeingia, na akikuona unalenga geti lake anaweza kukuomba uache. Kukufutisha picha hana mamlaka, kupekua simu au kamera yako hana mamlaka. Polisi ni habari nyingine, yeye ana taratibu zake za kisheria za kupekua, na akija mtu anasema ni askari lakini kavaa kiraia muombe kwa adabu akuonyeshe kitambulisho. Siku nyingine ukikutwa usianze kubishana na usianze kufuta. Salimia kwanza, tena salamu ndefu ya Kitanga, jitambulishe, onyesha picha yenyewe kwenye kioo cha kamera ili aone ni mawingu na maji, kisha muulize anayelalamika ni nani na bosi wake yuko wapi. Mara nyingi hapo linaisha. Mimi mwenyewe zamani, enzi za filamu za picha 36, nilinyang'anywa filamu nzima na mlinzi wa ofisi moja hapa mjini kisa mwamvuli wa muuza kahawa uliokuwa mbele ya ukuta wao, na ndani ya filamu ile kulikuwa na harusi ya watu. Tangu siku hiyo nikaamua nitazisoma hizi sheria na kila kijana ninayemfundisha atazijua.

Sasa bandari, mana hiyo ndo itakayokuletea maneno Tanga. Tangu 2004 bandari zote zinazopokea meli za kimataifa zinafuata kanuni moja ya dunia ya ulinzi wa meli na bandari, ndo mana uzio umeongezeka, kamera za ulinzi zimeongezeka na walinzi wamekuwa wakali. Halafu bandari yetu sio ile ya zamani ya meli kutia nanga mbali na mzigo kuletwa na matishari, imechimbwa, gati limefika mita 450 na kina mita 13, meli kubwa zinalala ubavuni kabisa. Kwa hiyo wanaangalia zaidi. Msimamo wangu ni huu: bandari ikiingia kwenye fremu kwa mbali, kama sehemu ya ukingo wa mji, kreni mbili tatu zimesimama kwenye mwanga wa jioni, hiyo ni mandhari na sioni sababu ya mtu kukusumbua. Ukifunga lenzi ndefu ukaanza kuvuta geti, uzio, namba za makontena, wafanyakazi na meli inayopakua, hapo hupigi tena mji, unapiga shughuli za bandari, na hizo zina mwenyewe, ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Andika barua kwa ofisi ya meneja wa bandari ya Tanga, eleza nani, lini, kwa nini, usubiri jibu. Usijaribu kuiba picha, utawaharibia wanaokuja nyuma yako.

Kuna upande mwingine wa ghuba unaitwa Chongoleani, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima Uganda, kilomita 1,443. Huko usielekeze lenzi ndefu na usikodi bodaboda kwenda "kuangalia tu".

Haya, wapi usimame. Pa kwanza ni Bustani ya Jamhuri, pale juu ya bahari karibu na mnara wa saa. Ni bustani ya jiji, watoto wanabembea, wazee wanapunga upepo, unaingia kama mtu mwingine yeyote. Mbele yako kaskazini ni ghuba na kisiwa cha Toten, chini yako ndo bandari. Nakushauri usimame upande wa mashariki wa bustani, ugeuze lenzi ielekee kisiwani na Bombo, bandari ibaki pembeni au nje kabisa. Stendi ya kamera ndo inayoleta maswali kuliko kamera yenyewe, mtu mwenye simu janja anapiga picha mia hakuna anayemuangalia ila ukifungua miguu mitatu tu umekuwa mpima ardhi au jasusi. Kwa hiyo kabla ya kuifungua tafuta wanaotunza bustani, wasalimie, waambie unachofanya. Ukija na bibi harusi, taa na watu kumi hiyo sio matembezi tena, hapo nenda ofisi za Halmashauri ya Jiji uombe kutumia bustani na ulipe kama kuna ada.

Bombo watu wengi wanapenda kwa sababu hospitali ya mkoa imekaa kwenye jabali juu ya bahari na lile jengo la zamani la Wajerumani ni zuri kweli. Lakini uwanja wa hospitali sio sehemu ya kutazamia mandhari. Kuna wagonjwa pale, kuna watu wametoka kupewa habari mbaya sasa hivi, wanatafuta ukuta wa kuegemea. Lipige hilo jengo ukiwa mbali, ukiwa kwenye maji au barabarani, ndani usiingie na kamera bila ruhusa ya uongozi wa hospitali.

Raskazone ndo kwangu pa jioni. Ni ile rasi iliyotoka kwenda mashariki, barabara yake imepita katikati ya miti mikubwa, hoteli, klabu na nyumba za watu. Kimsingi barabara ni ya wote na bahari ni ya wote, ila katikati ya hivyo viwili kuna viwanja vyenye wenyewe, ndipo wageni wanapokosea. Ukiona geti usipite eti kwa sababu unaiona bahari nyuma yake. Klabu za kuogelea na hoteli zinakupokea ukilipa kiingilio au ukinunua soda, waulize kabla kama kamera kubwa wanaikubali mana wana wageni wanaoogelea hawataki kuonekana. Nyumba za serikali zipo pia huko, ukiona askari mlangoni kamera iwe begani mpaka uvuke. Na ukiwa kwenye ule ufukwe jua kwamba ndipo majeshi ya Uingereza, wengi wao askari kutoka India, waliposhuka mwanzoni mwa Novemba 1914, wakapigwa na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika na nyuki nao wakawashambulia, siku chache wakarudi melini. Wengi walikufa kati ya hapo na mjini. Mimi kila nikipiga pale nalikumbuka hilo, na picha inatoka tofauti.

Deep Sea, pale mnapopokelewa samaki, ni pazuri alfajiri ngalawa zikiingia. Pana wenyewe japo hapana geti. Mialo mingi ya wavuvi ina kamati yake ya usimamizi wa ufukwe, wao wanaiita BMU, muone mwenyekiti au yeyote utakayeonyeshwa, omba. Ukianza kupiga kabla ya kuomba utaambiwa unataka hela ya migongo yao, na kwa kweli wana haki ya kukasirika.

Paa la ghorofa la Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, nalo linafaa, unapata mabati, minara, minazi na kipande cha bahari kwa mbali, lakini ni nyumba ya mtu. Ongea na mwenye nyumba, sio mpangaji, na usielekeze lenzi kwenye nyua za jirani ambako wanawake wapo kwenye shughuli zao bila mtandio. Hilo halihitaji sheria.

Ila kama kweli unataka mji mzima umekaa juu ya maji, panda boti uende upande wa Toten. Hapo ndo unauona mji usoni, jabali, Bombo, miti, mnara, vyote kwenye mstari mmoja. Kodi boti kwa nahodha anayefahamika na wavuvi, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujaingia, vaa jaketi la kuokolea hata kama yeye havai. Njia ya meli ni ya meli, nahodha anajua pa kukaa, usimshawishi asogee kwenye gati eti upate fremu. Kisiwani kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani, usipande juu ya kuta, usikalie kaburi, na usihamishe jiwe ili picha ipendeze, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu kama hivyo. Magofu ya Tongoni na mapango ya Amboni ni vituo vyenye kiingilio na wasimamizi, ukienda ulizia pale pale getini habari ya kamera.

Mwezi wa saba umechagua vizuri sana. Mji umekaa kusini mwa ghuba, umeelekea kaskazini. Tanga tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kati ya Aprili na Agosti jua linapita upande wa kaskazini, linaumulika mji usoni ukiwa upande wa Toten, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ukija Desemba jua liko kusini, nyuma ya mji, utapata vivuli vyeusi tu, labda hivyo ndivyo unavyovitaka. Tena Julai ni kusi, upepo unatoka nyuma ya mji kwenda baharini, maji yaliyo karibu na mji yanatulia kuliko wakati wa kaskazi. Ukiwa Raskazone jioni ya Julai jua linazamia kaskazini kidogo ya magharibi, yaani juu ya ghuba, Desemba ndo linazamia nyuma ya mji. Linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, uwe umeshafika saa kumi na moja na nusu.

Na maji, jamani, wageni wanasahau maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hapa inajaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, halafu inakupwa kabisa mchana saa nne, na ikikupwa mbele ya mji inabaki tope na mawe, picha imekufa. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukitaka yawe yamejaa jua linapozama njoo siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu, hesabu hiyo wavuvi wanaijua kichwani, mimi nimeiandika ukutani. Fungua kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi, usikate tiketi kwanza.

Umesema unauza uza. Kuuza picha ya mandhari uliyoipiga ukiwa sehemu ya wazi sio kosa, picha ni yako na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda. Mambo yanabadilika ukiwa na kazi ya mteja, tangazo, filamu, makala ya video. Hapo kuna Bodi ya Filamu, wanafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kibali kinaombwa kabla ya kupiga. Rafiki yako wa Mombasa anapita mpakani bila viza kama Mwanaafrika Mashariki, lakini kutembea ni kitu kimoja na kufanya kazi ya malipo ni kingine. Akija kupiga mandhari yake hana neno, akija amelipwa na kampuni aende Uhamiaji aulizie kibali kinachomfaa kwanza. Asiseme "mtalii" mpakani halafu akutwe na mkataba kwenye begi.

Watu je? Mtu akiwa kidoti mbali kwenye fremu hamna shida. Sura yake ikijaa kwenye picha na unataka kuiuza au kuitangazia, muombe, na mtoto muombe mzazi wake. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na picha inayomtambulisha mtu imo. Mimi nilikuwa naomba hata kabla ya sheria, na waendesha baiskeli wetu wakiombwa wanatabasamu wenyewe.

Droni sasa. Mwambie mwenzako aiache Mombasa. Sisemi hivyo kwa uoga. Kanuni za ndege zisizo na rubani za 2018 zinataka isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iwe na kibali cha kuruka, na Wizara ya Ulinzi iridhie, na hayo hayamaliziki kwa siku nne za likizo. Isitoshe uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu kabisa na mji, bandari iko chini ya pua yako na Chongoleani ng'ambo. Kuipitisha mpakani bila karatasi peke yake kunaweza kuwakalisha hapo forodhani siku nzima. Akiwa na nia ya kweli aanze maombi miezi kabla, aje mwakani.

Mwisho nakupa kitu ambacho hakidaiwi na sheria lakini kwangu kimefanya kazi kuliko kadi yoyote. Andika karatasi moja, jina lako, namba ya kitambulisho cha NIDA, simu, mwenzako na namba ya pasi yake, aina ya kamera, tarehe, saa na sehemu mtakazosimama, na sentensi moja ya picha ni za nini. Siku ya kwanza asubuhi ipeleke kwa mtendaji wa mtaa wa eneo unalotaka kupiga, muombe agonge muhuri kwamba ameiona. Sio kibali, asikudanganye mtu ulipe hela ya "kibali cha picha", usilipe bila risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Ni karatasi ya kumpa mlinzi kitu cha kusoma. Mlinzi ana bosi, anaogopa kuulizwa kwa nini aliacha, ukimpa muhuri umempa jibu la kumwambia bosi wake. Toa kopi tano, moja ibaki kwa nahodha wa boti.

Halafu zile ulizofuta, kama kadi ya kumbukumbu ni ile ile na hujaitumia tena, usiitumie. Kuna programu za kurudisha picha zilizofutwa, na mara nyingi zinarudi zote. Njoo nayo, tutakaa nayo jioni tuone.